Kingamwili katika ugonjwa wa misuli na ngozi: majibu ya maabara yanasomwaje?

Kipimo hiki huagizwa lini?

Kingamwili kazi yake ni kupambana na vijidudu. Katika dematomayositisi, ugonjwa unaovimbisha misuli na ngozi, baadhi hugeukia protini za mwili wenyewe. Daktari huzitafuta pale mtu anapopata taabu kuinuka kitini au kuchana nywele, huku akiwa na vipele juu ya viungo vya vidole na kope zilizobadilika rangi. Vitabu huandika kwamba kope huwa za zambarau. Kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama weusi wa kijivu au kahawia iliyokolea, na ni rahisi kudhaniwa mzio wa sabuni.

ANA yangu ni hasi. Je, sina ugonjwa?

Hilo halitoshi kuuondoa. ANA hutafuta hasa kingamwili zinazoshika kiini cha seli, ilhali Jo-1, mojawapo ya kingamwili za ugonjwa huu, hulenga kimeng'enya kilicho nje ya kiini. Mgonjwa mwenye Jo-1 au nyingine iitwayo MDA5 anaweza kuandikiwa "hasi". Dalili zikiwapo, omba paneli, yaani kipimo cha kingamwili nyingi kwa pamoja, ya mayositisi (uvimbe wa misuli).

Majina haya yana maana gani?

Kila jina huelekeza mahali pa kutazama. La haraka kuliko yote ni MDA5. Misuli inaweza kuwa na nguvu zake na CK, kimeng'enya cha misuli, ikawa ya kawaida, kumbe mapafu yanaharibika ndani ya wiki chache. Vidonda kwenye vidole na vipele vinavyouma viganjani ni ishara zake. Hapa miadi ya mwezi ujao haifai: skani ya CT ya mapafu na kipimo cha upumuaji vifanyike mara moja, hata kama hujakohoa.

Jo-1, pamoja na ndugu zake PL-7 na PL-12, nayo hugusa mapafu, mara nyingi polepole zaidi. Huja na homa, maumivu ya viungo, na ngozi ya pembeni mwa vidole iliyopasuka kama ya fundi wa magari.

TIF1-gamma na NXP2 kwa mtu mzima humaanisha saratani itafutwe: skani ya kifua, tumbo na nyonga, na kwa wanawake matiti, ovari na mlango wa kizazi. Hatari hukolea katika miaka 3 kabla na 3 baada ya ugonjwa kuanza, kwa hiyo skani moja safi haifungi jalada. Kwa mtoto mambo ni tofauti: saratani si tishio la kawaida, ila NXP2 huandamana na vinundu vya chokaa chini ya ngozi.

Mi-2 huleta vipele vingi lakini kwa kawaida huitikia dawa vizuri. SRP na HMGCR hudhoofisha misuli vibaya, CK ikipanda hadi maelfu, na kwa kawaida hakuna vipele. HMGCR huwapata baadhi ya waliotumia statini, dawa za kushusha kolesteroli. Kuiacha dawa hiyo peke yake kwa kawaida hakutoshi, dawa za kutuliza kinga huhitajika.

Nimeandikiwa "chanya dhaifu".

Paneli nyingi ni ukanda wenye mistari, na mstari uliofifia mara nyingi ni wa uongo. Shaka iongezeke mistari miwili au mitatu ikijitokeza pamoja, kwani kingamwili hizi ni nadra kukutana kwa mtu mmoja. Ro52, kingamwili nyingine katika paneli, haimo katika kanuni hiyo, maana huandamana na Jo-1 au MDA5 mara kwa mara. Omba kipimo kirudiwe kwa njia nyingine. Mstari hafifu bila dalili hautoshi kuanzisha prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga.

AST na ALT ziko juu, nikaambiwa ni ini.

Vimeng'enya hivyo hutoka kwenye misuli pia. Pima CK na GGT, kimeng'enya cha ini kisichotoka kwenye misuli: CK ikiwa juu na GGT ya kawaida, tazama misuli kwanza.

Nirudie kipimo kila mwezi?

Hakuna haja. Maendeleo hufuatiliwa kwa nguvu za misuli, CK na mapafu. Ila damu ya paneli itolewe kabla ya dripu ya imunoglobulini, kwa kuwa dripu hiyo hubeba kingamwili za wachangiaji damu na inaweza kuharibu majibu.