Mmesaini talaka kwenye simu? Bado mko ndoani

Juzi dada mmoja anaishi Marekani kanitumia ujumbe WhatsApp, wakili mume wangu yuko Mbeya, tumesaini wote kwenye simu, si tumeshaachana? Hapana dada yangu. Kwa Tanzania ndoa haivunjwi na saini zenu hata mkisaini mara mia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka amri ya mahakama, na kabla ya mahakama mnapita kwanza baraza la usuluhishi, likishindwa kuwapatanisha linawapa hati ya kuonyesha kwamba limeshindwa.

Akaniambia lakini programu tuliyosainia ni ya Wamarekani, inatambulika. Sasa hapo ndo nilicheka kidogo, maana sheria yao ya 2000 ya saini za kielektroniki imeyaweka pembeni mambo ya talaka na kuasili watoto. Siyo kwamba huko saini hizo ni marufuku kwenye talaka, ila kila jimbo lina utaratibu wake.

Huku kwetu tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inaikubali saini ya aina hiyo ila iwe salama, yaani iwe ya kwako peke yako, ikutambulishe, uidhibiti mwenyewe, na ifungamane na waraka, ukichezewa ijulikane. Ile picha ya saini unayoikata na kuibandika kwenye PDF haifiki huko. Na kwenye ndoa kuna shida nyingine, watu wamelala kitanda kimoja miaka kumi, paswedi wanajuana, alama ya kidole ya mke imo kwenye simu ya mume, kesho mmoja anakana "sikusaini mimi" utamjibu nini? Ndo maana kwenye makubaliano ya mali namtaka kila mtu atumie imeili yake na simu yake, na abadilishe paswedi kabla, halafu nampigia video anasaini namwona.

Hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli, ni habari nyingine. Kiapo unaapa mbele ya kamishna wa viapo, mara nyingi wakili kama mimi, naye anaandika mahali na tarehe ulipoapa, kwa hiyo zile za "wakili nakutumia nimeshasaini, we gonga tu muhuri" mimi sifanyi, uwe mteja wangu uwe shemeji yangu.

Yule dada nimemwambia ile PDF waliyoisaini asiifute, sehemu ya nyumba na matunzo ya watoto wameiandika vizuri kweli na itatufaa. Tunaanza na baraza la huko Mbeya.