Sitiari ya Mchezo katika Filamu za Kihindi

Wahakiki wanaposema kuwa filamu fulani ya Kihindi imeutumia mchezo kama sitiari, wanamaanisha kwamba mechi inayoonyeshwa imebeba ugomvi mwingine ambao jamii haijaumaliza, uwe wa tabaka, wa dini, wa jinsia au wa utawala wa kigeni, na kwamba mtazamaji anayesubiri matokeo huwa anasubiri pia hukumu ya ugomvi huo. Si kila filamu ya michezo ina sifa hiyo. Nyingi huishia kwenye kombe tu.

Mfano unaotajwa sana ni Lagaan (2001) ya mwongozaji Ashutosh Gowariker. Mwaka 1893, wanakijiji wa Champaner waliobanwa na ukame wanapewa sharti na afisa wa Kiingereza: wakishinda kriketi watasamehewa kodi kwa miaka mitatu, wakishindwa watalipa mara tatu. Mchezo na kanuni zake vimeletwa na mtawala, kwa hiyo kumshinda kwa kanuni hizohizo ni kumnyang'anya hoja yake kwamba yeye ndiye mstaarabu. Hata hivyo, uzito wa filamu, kwa maoni yangu, uko mazoezini. Kachra, mtu wa tabaka la wasioguswa, la chini kabisa katika jamii ya Kihindu, mwenye mkono uliolemaa, amesimama pembeni. Mpira unamfikia, Bhuvan, kijana anayeongoza timu ya kijiji, anamwomba aurudishe, naye anaurusha kwa mkono uleule mbovu, ukadunda na kupinda ghafla, jambo linalomsumbua mpigaji wa kriketi. Bhuvan anamtaka kikosini papo hapo. Wenzake wanagoma kucheza naye mpaka wakemewe hadharani, na hivyo kijiji kinachodai haki kwa Mwingereza kinajikuta kikidaiwa haki na mtu wake chenyewe. Wapo waliolalamika, na sioni jibu la kuwanyamazisha, kwamba Kachra anapokelewa kwa sababu ana faida. Lau asingekuwa na kipaji, angebaki palepale pembeni.

Katika Chak De! India (2007), timu ndiyo taifa lenyewe. Kabir Khan, nahodha Mwislamu wa mpira wa magongo, anakosa penalti dhidi ya Pakistan na kuitwa msaliti. Miaka kadhaa baadaye anarudi kuifundisha timu ya taifa ya wanawake. Siku ya kwanza wachezaji wanajitambulisha kwa majimbo yao, naye anawatoa mstarini mmoja baada ya mwingine hadi anapopatikana anayetaja India. Aliyenyimwa uzalendo wake ndiye anayewadai wengine uzalendo, jambo ambalo filamu inalipita haraka kuliko linavyostahili.

Dangal (2016), inayohusu baba anayewafundisha binti zake mieleka huko Haryana, kaskazini mwa India, iliibua mjadala wa namna hiyo: je, mabinti wanakombolewa, au wanatimiza ndoto ya baba?

Mwongozaji Pa. Ranjith, katika filamu ya Kitamil Sarpatta Parambarai (2021), aliigeuza sitiari yenyewe. Filamu nyingine huchukulia kwamba ndani ya uwanja watu wote ni sawa, na kwamba dhuluma imebaki nje ya mstari. Yeye anaonyesha ndondi za mitaa ya kaskazini mwa Madras (leo Chennai) katika miaka ya 1970, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1975, na pale bondia Kabilan, mhusika mkuu, anapokaribia kushinda, wahuni wanavamia ulingo na kumvua nguo mbele ya umati.