RAID ya programu ikijikokota, pima diski moja moja kwanza

Kundi la diski 24 kwenye RAID 6 ya Linux (diski nyingi zinazofanya kazi kama moja, na data inabaki hata mbili zikifa) likianza kujikokota, wengi hukimbilia mipangilio ya kerneli, moyo wa Linux. Wanapandisha namba hii, wanashusha ile, na mwishowe hawajui kilichosaidia ni kipi. Mimi sigusi mpangilio wowote kabla ya kujua kama diski zote zinakwenda sawa.

Tazama kwanza /proc/mdstat, faili inayoonyesha hali ya RAID. Huenda kuna usawazishaji au ukaguzi unaoendelea. Debian, kwa mfano, huuratibu kila mwezi. Kama upo, subiri uishe ndipo upime.

Kisha, mzigo ukiwa umepanda, endesha iostat -x 5 na ukazie macho r_await na w_await, muda ambao diski inachukua kujibu usomaji na uandishi. Diski za aina moja ndani ya kundi moja hukaribiana. Ukikuta 23 zinajibu kwa milisekunde 12 hivi na moja kwa 180, mshukiwa umempata. Maandishi yanayojaza mstari mzima (safu ya vipande, kimoja kwa kila diski) hugusa kila diski, kwa hiyo zote zinaingoja hiyo moja. Na kerneli haiitoi kwenye kundi, maana diski hiyo haijafa: inajibu, ila baada ya kurudia rudia kusoma sekta mbovu. Ipitishie smartctl -a, inayosoma kumbukumbu za afya ya diski. Current_Pending_Sector, idadi ya sekta zilizoshindwa kusomeka, ikiwa juu ya sifuri, andaa diski ya kubadilisha. Inayopanda ikiwa ni UDMA_CRC_Error_Count, makosa ya data ikiwa njiani, kagua kebo kabla ya kuilaumu diski.

Zisome pia zote kwa mpigo kwa dd, amri ya kunakili data. Kama kila moja peke yake inatoa 200 MB/s, lakini kwa pamoja zinaporomoka, njia ni nyembamba. Diski 5 zinazogawana laini moja ya SATA ya 6 Gb/s zinagombania 600 MB/s, na hapo mpangilio wa kerneli hauna la kufanya.

Diski na njia zikiwa safi, ndipo tuje kwenye uandishi, na hapa ndipo makundi makubwa yanapoumia. Kipande cha kawaida cha mdadm, zana ya kusimamia RAID ya Linux, ni KiB 512. Kwa diski 22 za data (24 ukitoa nafasi ya 2 za pariti, yaani data ya ziada ya kurejeshea diski iliyokufa), mstari kamili ni MiB 11. Ukiandika kidogo kuliko hapo, pariti haiwezi kukokotolewa bila kusoma kwanza: badiliko la KiB 4 tu linaweza kudai kusoma mara 3 na kuandika mara 3. Kache ya mistari, stripe_cache_size, huanza na 256, yaani MiB 1 kwa kila diski. Hiyo inatosha mistari miwili tu ya vipande! Data inayofika kwa mfuatano inakosa pa kusubiri wenzake. Ipandishe hadi 8192, ukikumbuka kwamba kwa diski 24 itaweza kula MiB 768 za RAM.

Kama top inaonyesha uzi wa md0_raid6 umeshika kiini kimoja cha prosesa kwa 100%, weka group_thread_cnt, idadi ya nyuzi za kugawana kazi hiyo, iwe 4, kisha upime tena.

Hifadhidata yenye maandishi madogo ya kutawanyika ni kesi nyingine. Hiyo naihamishia RAID 10, ambako kila andiko ni nakala mbili tu, bila pariti ya kukokotoa.