Soriasisi haiishii kwenye ngozi: tibu mapema, linda viungo

Wagonjwa wengi wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka na magamba, hufika kliniki ya ngozi wakiwa wamekwisha kupaka kila kitu: dawa ya fangasi, majani, krimu za dukani. Kwenye ngozi nyeusi mabaka yake mara nyingi si mekundu. Huwa ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, yenye magamba meupe, hasa viwikoni, magotini na kichwani. Hudhaniwa mba au mashilingi, na muda unapotea.

Soriasisi haiambukizi. Kinga ya mwili huichochea ngozi izalishe seli kwa siku chache badala ya takriban mwezi mzima, na kinga hiyohiyo inaweza kushambulia viungo, yaani maungio ya mifupa. Hadi mgonjwa 1 kati ya 3 hupata baridi yabisi ya soriasisi, na kwa wengi ngozi hutangulia kwa miaka, hata 10. Inauma kuona miaka hiyo ikipita bila tiba.

Tazama kucha zako. Zikiwa na vishimo vidogo, au zikiachana na nyama, hatari ni kubwa zaidi, kwani mzizi wa kucha umepakana na kano za kiungo cha mwisho cha kidole. Mabaka ya kichwani na katikati ya makalio nayo ni onyo. Watu huona aibu kuyataja, tafadhali yatajeni. Kidole kizima kikivimba, kisigino kikiuma, au viungo vikikakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, usisubiri: kuchelewa hata miezi 6 kumehusishwa na kuharibika kwa mifupa. Kipimo cha damu cha baridi yabisi mara nyingi hutoka hasi kwa wagonjwa hawa, kwa hiyo jibu hilo lisikutulize.

Mabaka machache hutibiwa kwa dawa za kupaka. Yakienea, hutumika tiba ya mwanga au methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo kwa soriasisi humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku. Mjamzito haruhusiwi kuitumia, na ini hupimwa mara kwa mara. Baadhi ya tafiti zinaashiria kwamba kuituliza soriasisi mapema hupunguza uwezekano wa viungo kushambuliwa, ingawa hilo halijathibitishwa kikamilifu. Kupunguza uzito uliozidi nako husaidia. Jihadhari na vidonge au sindano za steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe, kama prednisolone) za kujinunulia: zikikatizwa ghafla, soriasisi inaweza kurudi kwa ukali kuliko mwanzo.

Kila hudhurio, hata kama umekuja kwa ajili ya ngozi tu, mweleze daktari hali ya vidole, visigino na mgongo wako.