Meno ya bandia yanayoongezeka: maana yake

Haya ni meno ya kuvaa na kuvua ambayo, tangu siku ya kuchukua vipimo, daktari na fundi wameshahesabu jino gani la asili litafuata kutoka. Siku likitoka, jino jipya linaongezwa kwenye meno yaleyale ya bandia.

Mfikirie bibi anayepanda gari Tukuyu kuja Mbeya mjini. Magego ya chini hana, pande zote mbili. Ya mbele bado yapo, ila moja linacheza akiligusa kwa ulimi. Ukimtengenezea kana kwamba hilo litakaa milele, umempa safari nyingine, nauli nyingine na gharama nyingine.

Kwanza, kishikizo, yaani kibano kinachoshika meno ya bandia kwenye jino la asili, hakitegemezwi kwenye jino legevu. Kinahamia jirani aliye imara, mara nyingi chonge, maana mzizi wake ni mrefu.

Kwenye meno ya chuma cha kobalti na kromu ndipo akili inapohitajika. Kwa kawaida kipau chembamba kinachounganisha pande mbili hupita chini ya ulimi, mbali na meno, na fizi hupumua vizuri. Lakini jino la mbele likitoka, kipau kiko mbali, jino jipya halina pa kushikia. Kwa hiyo fundi huchonga bamba linalopanda hadi kuegemea mgongo wa meno ya mbele. Baadaye anachomea hapo kitanzi kidogo, akriliki (plastiki ngumu) inakishika, na jino linakaa. Bamba hilo hufunika fizi, kwa hiyo bibi lazima alivue usiku na kulisugua vizuri.

Meno ya akriliki tupu, bila chuma, ni rahisi zaidi kuongeza: daktari anachukua vipimo bibi akiwa ameyavaa, fundi anamwaga plasta, anakwangua ukingo na kuunganisha jino. Kazi hiyo huweza kuisha siku hiyohiyo. Ubaya wake, akriliki huegemea fizi zaidi na huzikandamiza kadiri miaka inavyokwenda. Kwangu mimi, kama meno mengi yaliyobaki yana mashaka, akriliki inatosha. Chuma nakiona kinafaa pale yenye mashaka ni moja au mawili.

Baada ya kung'oa, fizi hunywea kwa miezi kadhaa, kwa hiyo sehemu iliyoongezwa itahitaji kujazwa upya kwa ndani. Kabla hujalipa, mwonyeshe daktari jino linalocheza na umuulize: “Hili likitoka, jipya litashikia wapi?”