Mikutano ya kuacha pombe: dhana potofu zinazowazuia watu mlangoni

Mtu akishakiri moyoni kwamba pombe imemshinda, nguvu aliyobakiwa nayo ya kutafuta msaada huwa ndogo, na inasikitisha kwamba wengi huimalizia kwenye maneno ya kusikia tu. Nitayajibu kwa kutumia mfano wa Alcoholics Anonymous, yaani AA, kwa kuwa ndio mtandao mkongwe wa vikundi vya watu wanaokutana kusaidiana kuacha pombe, nao una mikutano katika nchi nyingi duniani, Kenya ikiwa mojawapo.

Wapo wanaoamini kwamba ni lazima uache pombe kwanza ndipo ukubaliwe. Sivyo. Sharti la uanachama ni moja, nalo ni hamu ya kuacha kunywa. Hakuna ada wala fomu ya kujaza. Kikapu hupitishwa ili kuchangia kodi ya ukumbi na chai, na mgeni hatarajiwi kutoa chochote. Aliyekunywa siku hiyo katika vikundi vingi huombwa asikilize tu, kisha azungumze siku atakayokuja akiwa hajanywa.

Hofu iliyo kubwa kuliko zote ni ya aibu: kwamba utasimamishwa mbele za watu, utaje jina lako na kueleza uliyoyafanya ukiwa umelewa, na kabla ya jioni mtaa mzima uwe umejua. Mkutano wenyewe hauendi hivyo. Watu huketi, mara nyingi kwa duara, mwongozaji husoma maelezo mafupi ya kikundi, kisha kila anayetaka huzungumza kwa zamu bila kukatizwa wala kupewa mawaidha. Zamu ikikufikia unaweza kusema kwamba leo utasikiliza, na inapita kwa mwenzako. Watu hutumia jina la kwanza pekee, na washiriki hukumbushana kwamba waliyemwona na walilolisikia humo libaki humo humo. Ukimkuta jirani yako, kumbuka kwamba naye amekuja kwa shida ileile na ana siri ileile ya kulinda. Hata hivyo, siidharau hofu hii, hasa katika miji midogo. Anayeona ugumu anaweza kwenda kwenye kikundi cha mtaa mwingine, au kuanza na mikutano ya mtandaoni, ambako kamera inaweza kuzimwa.

Kwa kuwa mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa, ambazo hukodishwa kwa bei nafuu, watu hudhani AA ni dhehebu. Ni kweli kwamba waanzilishi wake walitoka katika vuguvugu la Kikristo lililoitwa Oxford Group, na kwamba hatua zake 12, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, lakini zinamtaja kwa namna kila mtu anavyomfahamu mwenyewe. Mwislamu hatakiwi kubadili dini, na asiye na dini hazuiwi kuingia. Vikundi hutofautiana, vingine hufunga kwa sala na vingine la, kwa hiyo nashauri mtu ahudhurie viwili au vitatu kabla ya kukata shauri.

Wengine husubiri rufaa ya daktari au mtu wa kuwajulisha. Hakuna kinachohitajika zaidi ya saa na mahali. Nchini Kenya, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, namba 1192, hutoa ushauri na kuelekeza watu kwenye huduma. Vituo vya tiba ya uraibu navyo huwa vinavifahamu vikundi vya karibu, na AA ina programu ya simu iitwayo Meeting Guide. Hakikisha saa kabla ya kwenda, maana ratiba hubadilika.

Kuna pia dhana mbili zinazopingana, na zote ni potofu. Ya kwanza husema kwamba maongezi ya walevi watupu hayawezi kumponya mtu. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliona kwamba programu za kuwaunganisha watu na AA ziliwasaidia kubaki bila pombe sawa na tiba nyingine zinazotambulika, na mara nyingi kuzizidi. Ya pili husema kwamba mkutano unatosha badala ya hospitali. Mtu anayekunywa sana kila siku akikatisha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Huyo amwone daktari kwanza, na mkutano ufuate.

Aliyeteleza akanywa tena naye hafukuzwi. Waanzilishi wawili wa AA, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walikutana mjini Akron, Marekani, Mei 1935. Daktari huyo aliacha, akaenda kwenye kongamano la madaktari, akarudi amelewa. Kinywaji chake cha mwisho, tarehe 10 Juni 1935, ndicho AA inachokihesabu kuwa mwanzo wake.

Kuhusu familia, kuna mikutano ya wazi ambayo yeyote anaweza kuhudhuria, na ya faragha kwa wenye tatizo pekee. Ulizia mapema, msije mkarudishwa mlangoni. Ndugu wana vikundi vyao, Al-Anon, vilivyoundwa mwaka 1951, na mke anaweza kwenda huko wiki hii hata kama mumewe bado anakunywa na hataki kusikia habari za mkutano.