Mkataba kusainiwa sio ndo umepita, tuelewane wana Kigoma

Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue ile miezi mitatu ya 2024, 15 Mei mpaka 15 Agosti, na watu kuambiwa ni mkataba na nchi jirani, nikishuka mwaloni Kibirizi swali ni lile lile, mkataba gani huo na nani alitusainia? Mzee mmoja alikua anashona wavu, hata hakuinua uso, akasema "mwanangu, saivi Burundi na Kongo ndo wanatupangia dagaa?" Hapana mzee wangu.

Iko hivi. Mkataba wa kusimamia Ziwa Tanganyika ulisainiwa Dar es Salaam 12 Juni 2003, nchi nne, sisi, Burundi, DRC na Zambia. Ila kwa mkataba wowote wa hivyo saini ni posa tu, ndoa ni kuridhiwa. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya 1977 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Hayo maneno ya mwisho watu wanayaruka kila siku alafu wanakuja juu eti kila karatasi iliyosainiwa nje lazima ipite Dodoma. Sio kila karatasi jamani!

Ukihitaji kuridhiwa, waziri anapeleka hoja ya azimio, kamati inauchambua na kusikiliza wadau, wabunge wanajadili, wanahojiwa ndiyo au siyo, ikipita serikali inaandaa hati ya kuridhia na kuiwasilisha inakotakiwa. Azimio sio muswada, so Bunge halikai kufuta kifungu na kuandika chake. Tarehe 10 Juni 2023, ule mkataba wa bandari na Dubai, ndo njia hiyo hiyo ilipita (siasa yake siingii).

Na hata ukiridhiwa, hakimu hakufungi kwa mkataba, mpaka itungwe sheria ya ndani. Mkataba wa haki za mtoto tuliridhia 1991, Sheria ya Mtoto ikaja 2009, hesabu mwenyewe. Kwa iyo ukidakwa unavua ziwa limefungwa, hati ya mashtaka itataja Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake, na kumwambia ofisa "mi sikusaini" ni kupoteza muda wako na wake. Muulize ni kifungu gani, na nyavu au injini ikichukuliwa dai risiti hapo hapo kabla hujaondoka, iwe na orodha ya kila kitu, maana mnakujaga ofisini wiki tatu baadae mikono mitupu, hata jina la aliyechukua hamlijui.